Nilisoma sheria, ninaomba masomo ya maji: namna ya kuandika barua ya motivasyo ukiwa umebadilisha fakulte

Wiki hizi wengi mnatafuta burse na nafasi za masta, na kuna swali moja linalorudi kila mara kwa sisi ambao safari yetu ya masomo imepinda: "Mi nilisoma hiki, sasa nataka kile. Kwenye barua niseme nini?"

Nami nilipita hapo. Mara ya kwanza nilikosa, mara ya pili niliitwa. Barua zote mbili ningali nazo, na leo nitazifungua mbele yenu. Sifanyi hivyo kusudi mzinakili, hapana. Ni kwa sababu kosa la ile ya kwanza naliona kwenye barua za karibu kila mtu anayeniomba nimsomee.

Mimi ni mtoto wa Kalemie. Baba ni mvuvi, mama anauza ndakala. Nilisoma sheria hapa hapa, kwa mfumo wa zamani: miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Jirani zetu walikuwa wameshaanza kuniita "Maître" hata kabla sijapata diploma. Halafu nikasema nataka kusoma usimamizi wa maji na maziwa. Mnaweza kuwaza kelele iliyotokea nyumbani. Baba aliniuliza maneno machache tu: "Miaka tano yote ile tulilipa, sasa unaanza tena nyuma?"

Hilo swali la baba liliharibu barua yangu ya kwanza, na ilinichukua mwaka mzima kulielewa.

Barua ya kwanza

Ilianza hivi: "Ingawa nilisoma sheria, ninaomba kwa heshima mnipe nafasi ya kusoma usimamizi wa maji, kwani tangu utoto wangu nimependa sana mazingira."

Tuihesabu pamoja. Barua ilikuwa na aya tano. Aya tatu zilieleza kwa nini niliacha sheria: eti soko la kazi limejaa, eti nilichagua fakulte nikiwa mdogo, eti moyo wangu ulikuwa kwingine. Aya ya nne ilisifu chuo, maneno niliyoyatoa kwenye ukurasa wao wenyewe wa intaneti. Ya tano iliahidi kwamba nitasaidia nchi yangu. Neno "ingawa" lilikuwemo mara tatu.

Na lile la "tangu utoto wangu" lilikuwa uongo. Nilipokuwa mtoto ziwa lilikuwa mahali pa kuoga na kufua. Sikuwa nawaza mazingira hata kidogo.

Jibu lilikuja la mistari miwili: asante, hapana. Nilikasirika. Nilisema wanachukua watu wa sayansi tupu. Baadaye nilipoisoma ile barua kwa utulivu, nikaona kumbe sikuwa nimewaandikia wao. Nilikuwa namwandikia baba. Nilikuwa ninaomba msamaha kwa pesa za miaka mitano, mbele ya watu ambao hawakulipa hata faranga moja na hawakuniuliza kitu kuhusu hizo pesa.

Msomaji anatafuta nini

Mtu anayesoma dosye yako ana nyingine nyingi mezani. Hana kinyongo na wewe kwa sababu ulibadilisha fakulte. Anajiuliza mambo matatu:

1. Huyu anataka kujua nini hasa, na kwa nini hapa kwetu?
2. Je, ataweza? Au ataanguka semesta ya kwanza kwa sababu hana msingi?
3. Akimaliza, atafanya nini ambacho wengine hawatafanya?

Angalieni vizuri: swali la "kwa nini uliacha ya zamani" halimo. Linajibika lenyewe ukijibu la kwanza vizuri. Lakini ukianza kwa kujitetea, msomaji anaanza kutafuta kosa lako liko wapi. Sawa na mtu anayeingia dukani akisema "mimi si mwizi". Hakuna aliyekuwa anamshuku, sasa wote wanamtazama mikono.

Tafuta swali lililokutoa pale ukaja hapa

Hii njo kazi kubwa, na inafanywa kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Usitafute sababu za kuondoka. Tafuta swali ambalo fakulte ya zamani ilikufikisha kwake, halafu ikashindwa kulijibu.

Langu lilikuwa hili. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana. Mnakumbuka: nyumba za ufuoni hapa Kalemie ziliingiliwa, na jirani zetu wa Bujumbura na Kigoma walipata taabu hiyo hiyo. Nilikuwa ninafanya staji katika ofisi moja ya msaada wa sheria. Siku moja mama mmoja alikuja na hati ya parsele yake imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nusu ya parsele ilikuwa chini ya maji. Jirani yake alitaka kusogeza lupango juu, kwenye sehemu kavu iliyobaki. Yule mama aliuliza: "Munieleze basi, ziwa linaishia wapi?"

Kama mwanasheria nilikuwa na majibu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, raia anapewa haki ya kuutumia. Kuna sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Kuna kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006, kinachompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Yote nilimweleza. Akanitazama, akauliza tena: "Na mwaka kesho maji yatafika wapi?"

Hapo hakuna kifungu kilichonisaidia. Sheria inachora mstari kwenye karatasi, ziwa linausogeza. Na hili letu limeusogeza tangu zamani. Mnajua kwamba maji ya ziwa hili yanatokea hapa kwetu tu, kwa mto Lukuga. Katika karne ya 19 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa. Kuelekea mwaka 1878 kizuizi kile kikavunjika, na miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Halafu baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 likapanda tena. Likarudia 2020 na 2021, kisha 2024. Kwa hiyo swali la yule mama ni la sheria na ni la maji pia. Mtu anayejua upande mmoja tu hawezi kumjibu.

Nilipoliona hilo, nikaacha kuona aibu. Sheria sikuitupa. Ilinifikisha mlangoni, sasa nahitaji ufunguo mwingine.

Kila mmoja wenu aliyebadilisha fakulte ana swali la namna hii, hata kama hajalipa jina. Mwenzetu aliyesoma pedagojia na sasa anataka afya ya jamii, pengine aliona watoto wanakosa darasa kila msimu wa kipindupindu. Aliyesoma uchumi na anataka takwimu, pengine aliona ripoti ina hesabu ambazo hakuna aliyekwenda kuhakikisha sokoni. Kaa chini, kumbuka siku, mahali, mtu. Ukipata siku moja ya kweli, umepata mwanzo wa barua.

Mfano wa mtu tunayemjua wote

Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alisoma udaktari Burundi, akaanza kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, upande wa magonjwa ya watoto. Pale Lemera aliona wamama wanafika na majeraha ya uzazi, wengine wanakufa kwa kukosa huduma. Akaacha njia ya watoto, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akamaliza mwaka 1989. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Najua, yeye alibaki ndani ya udaktari, na sisi wengine tunaruka mto mpana zaidi. Lakini mwendo ni ule ule. Hakubadilisha kwa sababu alichoka na watoto. Kazi ya kwanza ilimwonyesha jambo ambalo mafunzo yake hayakulitosha. Ukiieleza safari yake kwa sentensi moja, hakuna atakayeuliza kwa nini "alipoteza muda". Yako nayo itafute sentensi yake.

Onyesha kwamba umekwisha kuanza

Swali la pili la msomaji, la uwezo, halijibiwi kwa kusema "mimi ni mchapakazi". Linajibiwa kwa kitu ulichokwisha kufanya. Na hapa wengi mnanijibu: "Tuko Kalemie, hatuna laboratwari, hata umeme unakatika." Ni kweli. Mi nilifanya hivi:

Kwanza, nilijifunza takwimu za mwanzo kwa masomo ya bure ya intaneti, usiku, wakati mega ni bei nafuu. Ilinichukua miezi minne badala ya miwili. Haidhuru.

Pili, nilitafuta vipimo vya ziwa letu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani, kina hifadhi inayoitwa DAHITI. Inakusanya vipimo vya urefu wa maji ya maziwa na mito vinavyochukuliwa na setilaiti, na mtu anaweza kuvipata bure. Ziwa Tanganyika limo. Nikavichora kwenye grafiki na nikaweka alama pale watu walipokuja ofisini na kesi za parsele zilizofunikwa.

Tatu, nilijifunza kuchora ramani kwa QGIS, programu isiyolipiwa, kwenye kompyuta ya kuazima.

Ile grafiki haikuwa sayansi kubwa. Asista mmoja niliyemwonyesha alinisahihisha mara mbili. Lakini niliposema kwenye barua "nimechora mabadiliko ya urefu wa maji na kuyalinganisha na kesi za ardhi", msomaji aliona mtu aliyeanza kutembea kabla ya kupewa viatu. Kazi ndogo iliyomalizika ina uzito kuliko ahadi kubwa.

Taja pengo lako mwenyewe

Usifiche unachokosa. Karatasi yako ya alama iko ndani ya dosye, ataiona. Barua yangu ya pili ilisema wazi: "Sikusoma kemia wala haidrolojia chuoni. Nimejifunza takwimu za msingi peke yangu. Ninahitaji semesta yenu ya kwanza ya masomo ya msingi, na ndiyo maana nimechagua programu yenye semesta hiyo." Mistari mitatu, bila machozi. Ukitaja pengo pamoja na daraja la kulivuka, linaacha kuwa siri inayokusubiri.

Jambo lingine linalowaangusha Wakongo wengi: majina ya diploma. Lisansi yetu ya zamani ilikuwa ya miaka 5. Sasa mfumo wa LMD, uliotajwa katika sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, unaifanya lisansi kuwa ya miaka 3 yenye kredi 180, kisha masta ya miaka 2 yenye kredi 120. Mtu wa nje akiona neno "lisansi" kwenye diploma yako ya zamani anaweza kudhani ni miaka 3. Weka mstari mmoja kwenye CV au kwenye barua: gradua miaka 3, lisansi miaka 2, jumla 5. Usimwache akisie.

Chagua mlango unaofunguka

Kuna programu zinazodai diploma ya fani ile ile, na hata uandike kwa wino wa dhahabu hawatakuchukua. Soma masharti kwanza kabla ya kupoteza mega. Tafuta programu zinazokaa kati ya fani mbili. Mfano: Chuo Kikuu cha Afrika, kile cha Umoja wa Afrika, kina taasisi ya maji na nishati huko Tlemcen, Algeria. Upande wa maji una njia ya uhandisi na njia ya sera. Mwanasheria akigonga mlango wa uhandisi anajichosha. Kwenye sera, angalau ana la kusema. Nchi yetu pia imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, basi msiangalie Ulaya tu. Tazameni pia Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura.

Na unapoeleza kwa nini umechagua pale, usisifu. Taja somo fulani, au utafiti wao fulani, na uunganishe na swali lako. Mimi nilitaja Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Nikasema: huu mkataba umeandikwa kwa lugha ya sheria juu ya vitu vinavyopimwa na wanasayansi, mimi nataka kuusoma kwa macho yote mawili. Hiyo ilijibu maswali mawili kwa pamoja: kwa nini hapa, na nitafanya nini baadaye.

Mpangilio wa barua ya pili

Kwa ufupi, aya zilikuwa hivi:

Ya kwanza: tukio na swali. "Mwaka 2021, mama mmoja wa Kalemie alileta ofisini hati ya parsele yake. Nusu ya parsele ilikuwa ndani ya maji. Aliuliza ziwa linaishia wapi. Niliweza kumwambia sheria inasema nini; sikuweza kumwambia maji yatafika wapi."

Ya pili: sheria ilinipa nini. Kusoma maandishi magumu, kupanga hoja, kusikiliza watu wenye mgogoro. Hakuna "ingawa".

Ya tatu: nimekwisha kuanza nini.

Ya nne: ninakosa nini, na programu yenu inakijaza vipi.

Ya tano: nitarudi kufanya nini, kwa jina la mahali na aina ya kazi. Si "kusaidia nchi yangu". Niliandika kwamba nataka kusaidia kuchora mistari ya ufuo ambayo ofisi za ardhi za hapa zitaweza kuitumia.

Iseme kwanza kwa Kiswahili

Hili la mwisho sikulisoma popote. Barua yangu iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo bado inanitesa, na rasimu ya kwanza nilikuwa nimeifikiria kwa Kifaransa cha shule. Maneno yalikuwa makubwa, maana ilikuwa ndogo. Basi jioni moja nilikaa na baba nje, nikamsomea barua yote kwa Kiswahili chetu, aya kwa aya. Kila mahali niliposhindwa kutafsiri, niligundua kwamba hata mimi sikujua nilichotaka kusema. Nilifuta sehemu zote hizo.

Baba alisikiliza kimya. Nilipofika pale nilipoandika kwamba maji yalifika kwenye barabara, alinikatiza: "Hapana. Kwenye barabara hayakufika siku ile. Yalifika pa mwembe. Mi nilikuwa pale, nilifunga mtumbwi kwenye huo mti."

Nikasahihisha. Halafu akauliza: "Kwa hiyo hii sheria tulilipa, unaenda nayo?"

Nikamwambia ndiyo, naenda nayo.

"Basi andika mwembe," akasema, akainuka kwenda kuangalia nyavu zake.

Niliitwa miezi mitatu baadaye. Sitawadanganya: semesta ya kwanza itakuwa ngumu kwangu, na kuna usiku ambao bado naogopa hesabu. Lakini naenda nikijua ninakwenda kutafuta nini. Wewe uliyebadilisha njia, kabla ya kufungua kompyuta leo, chukua karatasi uandike swali lako kwa Kiswahili, mstari mmoja. Ukishindwa, bado hujawa tayari kuandika barua. Ukiweza, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Tuko pamoja.